Kigari Nyuma ya Nyumba: Namna ya Kukivuta na Kufika Nacho Kizima

Kigari kinachovutwa nyuma ya gari-nyumba kwenye barabara za Marekani si kibovu. Naanza na hilo kwa sababu macho yetu yamezoea gari la kuvutwa liwe limefungwa kamba, linapelekwa gereji, na aliyeshika usukani wa nyuma anatokwa jasho. Hiki ni kizima, kina mafuta, na kina kazi inayokingoja. Gari-nyumba likishaegeshwa kambini, likasawazishwa kwa jeki zake, likaunganishwa umeme, maji na mpira wa majitaka, na kuta zake za pembeni zikasukumwa nje, basi limekuwa nyumba kwelikweli. Nyumba haiendi dukani kununua mkate.

Na hata ukikubali kuivunja kambi kwa ajili ya mkate, kuna mahali hutaruhusiwa kupita. Barabara ya Going-to-the-Sun, iliyozinduliwa mwaka 1933 kukatiza milima ya hifadhi ya Glacier huko Montana, haipokei kwenye sehemu yake ya juu gari lenye urefu wa zaidi ya futi 21, yaani mita 6.4. Magari-nyumba makubwa hufika futi 40 na zaidi. Asiye na kigari atabaki bondeni akiitazama milima kwenye kadi za posta. Kwa hiyo kigari kinahitajika. Kilichobaki ni kukifikisha kikiwa na giaboksi yake, tairi zake nne na heshima yake.

Njia za kukivuta ni tatu. Unaweza kukipakia chote juu ya tela. Unaweza kuyanyanyua magurudumu yake mawili ya mbele juu ya kitela kidogo. Au unakiacha kitembee kwa magurudumu yake yote manne, kimeshikwa puani kwa mkono wa chuma. Tela ni zito na likifika kambini linatafuta pa kulala, kitela vilevile. Wengi wanapenda njia ya tatu, nami naipenda, lakini ndiyo inayodai mtu awe makini kuliko zote. Yaliyobaki hapa ni ya njia hiyo.

Chagua kigari kwa kitabu chake, wala si kwa rangi. Hapa ndipo watu wazima wenye akili zao huchoma giaboksi. Katika magari mengi ya otomatiki, oili ya giaboksi husukumwa na pampu inayozungushwa na injini. Injini ikizimwa, pampu nayo imelala. Magurudumu yanapoendelea kuzunguka kilometa baada ya kilometa, vyuma vya ndani vinasagana bila oili ya kutosha, na kuweka nyutro hakubadilishi kitu. Utafika kambini, utashusha kigari kwa mbwembwe, utaweka gia, na kitakutazama tu.

Kila kambi ina bingwa wake. Atakuja na kiti chake cha kukunja, akwambie kwamba amevuta gari kama hilohilo miaka na miaka na halijawahi kumsumbua. Mshukuru, mpe kahawa, kisha fungua kitabu cha gari lako, la mwaka wako, kwenye ukurasa unaohusu kuvutwa. Mwaka una maana kubwa. Honda CR-V za Marekani za hadi mwaka 2014 ziliruhusiwa kuvutwa kwa magurudumu manne, kwa masharti: washa injini, weka gia D kwa sekunde 5, rudisha nyutro, iache injini iungurume dakika 3, kisha zima. Za mwaka 2015 zikaja na giaboksi ya mkanda, na ruhusa ikaisha. Gari kwa nje ni ndugu wa lile la jana. Kwa ndani hawajuani. Vitabu vya Toyota nyingi za otomatiki, tunazozipenda sana, vinakataza kabisa. Anayeipenda Toyota yake kiasi hicho na aipakie kwenye tela.

Kipenzi cha wavutaji ni Jeep Wrangler, na sababu yake inaonekana. Ina kisanduku cha pili cha gia kinachogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na hicho kina nyutro yake. Ukikiweka kwenye nyutro, magurudumu yanazunguka huku giaboksi kubwa imekaa kimya kwenye P. Usiamini mkono wako tu. Washa injini, tia gia ya kurudi nyuma, achia breki polepole: gari lisipojongea hata kidogo, kweli limekatika. Likijongea, umeokoa pesa nyingi kwa jaribio la nusu dakika.

Halafu uzito. Bomba la kuvutia nyuma ya gari-nyumba mara nyingi limeandikwa pauni 5,000, karibu kilo 2,270, na watu huishia kusoma hapo. Namba nyingine imebandikwa mbele, karibu na dereva: uzito wa juu wa gari na kinachovutwa vikiwa pamoja. Tuseme ni pauni 26,000, na gari-nyumba lako likiwa limejaa maji, vyakula, vyombo, majiko na shangazi lina pauni 21,800. Kilichobaki ni 4,200, hata bomba liseme nini. Wrangler ya milango minne hupita 4,000 kabla hujaweka hata mwavuli ndani. Kwa hiyo lipime gari-nyumba likiwa limepakiwa, kwenye mizani ya malori, wala usikisie kwa kulitazama.

Sasa kufunga. Teua utingo. Mke, mume, kaka, yeyote anayesikia na asiyeona haya kupiga kelele. Tafuta ardhi tambarare iliyonyooka, leta kigari nyuma ya nyumba, fungua mikono miwili ya chuma na uifikishe kwenye bamba ambalo fundi alilikaza kwenye chesisi ya kigari. Kila pini iingie hadi mwisho, klipu ipite kwenye tundu lake, kisha ivute kwa vidole. Kuiangalia hakutoshi, klipu iliyokaa juujuu na iliyoshika huonekana sawa kwa macho. Minyororo ya usalama ipishane chini ya mkono, ili mkono ukichomoka udakwe kabla haujachimba lami, na iwe na ulegevu wa kutosha kupiga kona. Waya wa taa uchomekwe, na utingo asimame nyuma athibitishe indiketa ya kushoto, ya kulia, na taa za breki. Mkono ukae karibu sambamba na ardhi. Tofauti ya kimo ikizidi inchi 3 au 4, tafuta kipande cha kuteremsha au kupandisha bomba.

Ufunguo uachwe mahali panapofungua loki ya usukani, vinginevyo magurudumu ya mbele hayatafuata kona. Gari likihitaji hivyo, redio na vifaa vingine vitanyonya betri siku nzima. Ndiyo maana vitabu vingine vinaagiza fyuzi fulani ichomolewe. Hendibreki iachiwe. Narudia kwa utingo: hendibreki iachiwe.

Katikati ya kazi hii atatokea jirani kusalimia. Salamu zetu ni ndefu na sitaki zifupishwe. Mtu ni watu. Salimia, uliza watoto, uliza safari. Akiondoka, anza upya kutoka pini ya kwanza. Kazi iliyokatizwa ndiyo inayoacha pini moja mfukoni.

Kisha sogea mbele taratibu mpaka mikono yote miwili ijifunge kwa mlio wake, na utingo atembee kando akitazama magurudumu manne yakizunguka. Gurudumu linaloburuzika linaacha mstari mweusi, nao huonekana ndani ya mita chache. Usipotazama hapo, utakuja kuujua huo mstari kwa harufu ya mpira unaoungua.

Breki za kigari ndizo zinazoniuma zaidi, kwa sababu watu wanaziona ni anasa. Wanasema nyumba ni nzito, kigari chepesi, hutakisikia. Ni kweli hutakisikia, na hapo ndipo hatari ilipo. Breki za gari-nyumba kwa kawaida zimetengenezwa kwa uzito wake lenyewe. Karibu tani mbili zinazosukuma kwa nyuma hazimo kwenye hesabu. Majimbo mengi yanadai breki za ziada kwa kinachovutwa kikizidi uzito fulani, mara nyingi pauni 3,000. Weka hata kama jimbo lako limenyamaza. Kuna kisanduku kinachokaa sakafuni mwa kigari na kuibonyeza pedali gari-nyumba linapopunguza mwendo. Kuna na mitambo inayofungwa moja kwa moja. Vyovyote, iwepo taa mbele yako inayokuonyesha breki za nyuma zinaposhika, maana zikishika bila kuagizwa zinaweza kuwaka moto bila wewe kujua. Na uwepo waya wa dharura: kigari kikichomoka chote, waya unavuta swichi, na kigari kinajifungia breki chenyewe. Waya huo una njia yake peke yake. Usiufunge kwenye minyororo.

Kwenye barabara kuu ya I-70 huko Colorado, handaki la Eisenhower liko kama mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo unateremka muda mrefu. Aliyekataa breki za kigari aende akasome mteremko huo kwenye ramani kabla ya kuushuka. Ukishuka, weka gia ndogo mapema, juu kabisa, si katikati.

Sasa jambo ambalo hata mkaidi lazima alikubali: hakuna kurudi nyuma. Tairi za mbele za gari zimeundwa zijinyooshe zenyewe gari linapokwenda mbele. Ukirudi nyuma, mambo yanageuka. Zinakengeuka upande mmoja, usukani unajizungusha bila mtu mpaka unagota, na tairi zinaanza kukwaruza lami zikiwa zimekaa kombo. Kigari hakirudi tena, kimekaidi kama punda aliyegoma mlimani. Nguvu zote za ile nyumba ya tani kumi zinaishia kwenye mkono wa chuma, nao unapinda, au unapindisha bamba na kilicho nyuma yake. Mita mbili tu? Mita mbili zinatosha.

Kwa hiyo kabla ya kuingia popote, tazama utatokea wapi. Vituo vya mafuta vya malori ni rafiki. Kile kidogo cha kona chenye mafuta ya bei poa ni mtego. Ukikwama, shuka, omba radhi kwa watu, fungua kigari, kila gari liondoke kivyake, mkafungane mbele. Ni dakika chache na fedheha kidogo, na hakuna fundi atakayekudai. Mkono ukikaza na pini zikagoma kutoka, sogeza gari-nyumba mbele kidogo kwa kunyoosha; nyundo iwe ya mwisho.

Barabarani kigari hakitakwambia lolote. Tairi yake ikipata pancha, nyumba haitayumba. Utaendelea kuimba huku mpira ukichanika nyuma yako. Weka vipima upepo kwenye tairi zake nne, vinavyotuma habari kwako, na kamera ya nyuma iwake muda wote. Kila mnaposimama, utingo ashuke aguse vitovu vya magurudumu: vuguvugu ni sawa, chenye joto la kuunguza kina neno. Mwendo, tii kitabu cha gari na sheria. California, gari linalovuta jingine halitakiwi kuzidi maili 55 kwa saa, kama kilometa 88.

Mkifika, msikimbilie pini. Jeep iliyo kwenye ile nyutro ya kisanduku cha pili inatembea huru hata leva ya gia ikisoma P, na P hiyo imewadanganya wengi. Vuta hendibreki kwanza. Halafu pini, minyororo, waya. Kisha toa kisanduku cha breki chini ya pedali, rudisha fyuzi, rudisha kisanduku cha pili cha gia kwenye kazi yake, ndipo uendeshe. Pini na klipu ziingie kwenye mfuko wake mmoja, na mfuko ukae ndani ya gari-nyumba, maana kigari ndicho kitakachokuwa mjini mtu atakapokuja kuzitafuta.