Simu Isiyoingia Maji

Bado masikio yananiwaka. Si kwa homa, wala si kwa jua la Mombasa, bali kwa fedheha niliyovikwa juzi katika duka moja la simu la mji huo, mbele ya hadhara ya watu nisiowajua, na kijana ambaye, lau angalizaliwa mtaani kwetu Langoni, angalibusu mkono wangu kabla ya kufungua kinywa chake. Alitwaa pini nyembamba, akaitia katika tundu lililo ubavuni mwa simu yangu, akakivuta nje kile kidroo kinachoshika laini, akachungulia ndani kwa tochi, kisha, badala ya kuninong'oneza alichokiona, akawaita wenzake. Wakaja wawili, akaja na mama aliyekuwa akisubiri kununua kava, na mtoto wa mama yule, kwa kuwa meza ilikuwa juu mno kwake, akainuliwa ili naye asikose kuona aibu ya mtu mzima. "Nyekundu hii," alitangaza yule kijana. "Simu imekunywa maji." Halafu akanigeukia, akaniuliza kwa upole wa kutisha, "Mzee wangu, kwani wewe ni mtu wa wapi?" Nikasema mimi ni mtu wa Lamu. Duka zima likacheka, hata yule mtoto, ambaye nina yakini hajui Lamu iko upande gani.

Nilipokwisha kutahayari, nilistaajabu. Kwa maana kile chekundu, nilipopewa nafasi ya kukitazama mwenyewe, ni kazi ya akili nyingi. Katika simu nyingi za siku hizi watengenezaji hubandika humo ndani kikaratasi cheupe, kidogo kuliko punje ya mchele, kilichofichiwa rangi nyekundu chini yake. Maadamu pakavu, hukaa cheupe. Likikigusa tone la maji, rangi ile huyeyuka ikapanda juu, na kikaratasi huwa chekundu daima dawamu, hata simu ikianikwa juani mwaka mzima. Hakina haja ya umeme, hakisahau, wala hakihongeki. Ni shahidi aliyepandwa ndani ya mali yangu, kwa fedha zangu, akakaa kimya mfukoni mwangu akiningoja nipatwe na msiba ili atoe ushahidi wa kunihukumu.

"Mwanangu," nikamwambia kijana, "simu hii niliinunua papa hapa, na sababu ya kuichagua ni kwamba mliniambia haiingii maji."

"Haiingii maji, mzee wangu."

"Na hayo yaliyoingia ni nini?"

"Ni maji."

"Basi yaingia maji?"

"Haiingii. Lakini yakiingia, waranti imekufa."

Wenye kusoma mantiki na wanisaidie hapa, maana mimi nilisimama kitambo mbele ya maneno hayo nikatafuta pa kuyashika nisipaone. Ikiwa maji hayaingii, dhamana haina kazi. Na yakiingia, dhamana haipo. Alhasili nilikuwa nimekingwa na kila balaa iliyo chini ya jua isipokuwa ile moja ambayo kwa ajili yake nilitoa fedha.

Na fedha hizo sikuzitoa kwa pupa. Kuchagua simu katika mji wetu si siri ya mtu na mfuko wake, ni shauri la umma, nalo husemwa barazani baada ya alasiri, kila mmoja akitetea alicho nacho mkononi. Yuko aliyenihimiza nitazame kamera, ingawa kwa miaka yote niliyomjua hajapiga picha ila ya mbuzi wake aliyepotea. Yuko aliyesema betri kwanza, kwa kuwa umeme hutuaga bila kutuambia utarudi lini. Na mwingine, ambaye hununua kila kitu kwa uzito, akasema nipime ile iliyojaa mkono. Nikawasikiliza wote kwa taadhima, nikashika neno langu moja: maji. Kwani mtu wa Lamu akitaka basi la Mombasa, safari yake huanzia chomboni kwenda Mokowe. Akitaka ndege, atavuka kwenda Manda. Na ndugu zetu wa Siyu, Faza na Kizingitini, wakihitaji karatasi yenye muhuri au daktari mkubwa, hawana njia ila bahari, na kule katika mkondo wa Mkanda chombo hungoja maji yajae ndipo kipite. Katika nchi hii mtu asiyelowa ni mtu asiyesafiri.

Siku ya kuinunua, pale dukani palitundikwa picha ya simu ikizama katika bwawa la buluu, imezungukwa na mapovu, inang'aa kwa furaha. Muuzaji, mwingine, si yule wa kutangaza, alinisomea megapikseli na gigabaiti kwa mkupuo mmoja, kisha akashusha sauti akasema, "IP68, mzee." Nikauliza maana yake. Akasema maana yake ni nzuri.

Maana yake nimeitafuta baadaye, na kwa kweli ni nzuri. Kanuni hiyo ni ya shirika la kimataifa la viwango vya umeme lenye makao Geneva, nayo hujulikana kwa nambari 60529. Tarakimu ya kwanza yahusu vumbi, na 6 ndiyo kilele chake, yaani chembe haipenyi. Ya pili yahusu maji: 4 ni kurushiwa matone kutoka kila upande, 7 ni kuzamishwa katika kina cha mita 1 kwa dakika 30, na 8 ni kuzidi hapo, kwa kina na muda atakaoutaja mtengenezaji mwenyewe, naye mara nyingi hutaja mita 1.5 na dakika zilezile 30. Ili kuifikia daraja hiyo, ukingo wa kioo hugandishwa kwa gundi, matundu huvikwa pete za mpira, na pale penye spika, ambapo hapana budi sauti itoke, huwekwa utando wenye vitundu vidogo hata hewa hupita na tone la maji hushindwa, kwa kuwa maji hupenda kushikana yenyewe kwa yenyewe na hayakubali kugawanyika ili yapite mlango mwembamba kiasi hicho. Nilipoyafahamu hayo nilijiona niko Matondoni kwa waunda vyombo wetu, maana hii ni kalafati tupu: mafundi wetu nao hukomelea pamba katika nyufa za mbao, wakaupaka ubavu wa chombo mafuta ya sifa, na chombo kikaelea. Ila fundi wa Matondoni hukuambia siku ya kwanza kwamba kalafati huchoka na kwamba chombo kitarudi kupandishwa pwani; na tangu kuumbwa Matondoni, fundi wake hajapata kumuuzia mtu jahazi la maji matamu. Kwa maana maji ya jaribio lile, na hili halikuandikwa kwenye picha ya mapovu, ni maji matamu, masafi, yaliyotulia tuli katika birika la maabara.

Maji ya gatini kwetu hayana hata sifa moja katika hizo. Siku ya msiba ilikuwa bamvua, maji yamekupwa, na boti ya Mokowe imeshuka chini mno ya ngazi. Nami nilikuwa na mguu mmoja Lamu na mguu mmoja botini wakati baharia, ambaye simlaumu ingawa ningependa, alipoiachia kamba kidogo. Nilichagua kuokoa mwili. Simu ikatoka katika mfuko wa kanzu, ikaligonga jiwe la ngazi, ikazama.

Mara kila aliyekuwa gatini akawa mtaalamu. Mpagazi mmoja akatoa rai ipigwe, ili ilie, ijulikane ilipo. Rai hiyo ilionekana ya busara, ikapokewa na watu wengi kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa simu yake na kwa spika, nasi tukasimama tumeinamia maji huku tukisikiliza sauti za yule bibi mpole zikipishana: samahani, mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Hakuna aliyecheka. Sasa najua kwamba bibi yule hakusema uongo, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme, na kwa hiyo huyameza mawimbi ya redio kabla hayajashuka popote. Ndiyo sababu majeshi ya bahari ya mataifa makubwa, yakitaka kusema na manowari zao za chini ya maji, hutumia mawimbi yenye urefu wa makumi ya kilomita, ambayo kampuni za simu bado hazijaniuzia. Mwisho kijana mmoja wa hapo akavua shati, akaniambia, "Ami, niachie mimi," akapiga mbizi. Akaibuka na kandambili. Akarudi chini, akaibuka na chupa. Mara ya tatu akaibuka na simu yangu, nayo, Mungu ni shahidi, inawaka.

Palipigwa vigelegele. Nusu saa haikuwa imetimia, na kina hakikumfikia kijana yule kifuani. Yaani kwa hesabu ya Geneva tulikuwa bado tunacheza. Nikaifuta kwa kikoi, nikapiga nambari ya nyumbani, ikaita, ikapokewa, na hadi jioni nilikuwa mtu wa kuonyeshwa kwa kidole katika Usita wa Mui wote, njia kuu ya mji wetu. Yule mwenye mbuzi akaomba aishike. Yule wa kupima uzito akaishika, akasema ni nyepesi mno, lakini akasema kwa heshima.

Usiku nikaichaji.

Maji matamu yakikauka huenda zake yasiache kitu kikubwa. Maji ya bahari yakikauka huacha chumvi. Chumvi huvuta unyevu wa hewa. Hewa ya Lamu haijapata kupungukiwa na unyevu. Na unyevu wenye chumvi hupitisha umeme. Ukitia waya wa chaji hapo, umeme hupita pasipo njia yake, ukivuka kutoka chuma hadi chuma na kuila shaba kidogokidogo hata igeuke kijani. Simu yangu haikuuawa na bahari. Iliuawa chumbani, kitandani pangu, na chumvi iliyobaki ndani ya kitundu cha kuchajia. Asubuhi ilikuwa imelala. Mama watoto akailetea mchele, jambo ambalo dunia nzima huliamini na ambalo mwaka 2024 Apple iliwaandikia wateja wake wasilifanye, kwa kuwa chembechembe za mchele huweza kuidhuru simu zaidi. Sisi hatukuwa tumesoma. Ikazikwa katika mchele mwema wa pilau, ikafukuliwa vilevile. Mchele ukapikwa, na wageni waliokuja kunipa pole wakasema umezidi chumvi.

Baada ya hapo ndipo nilipokwenda Mombasa kutafuta haki, na yaliyonikuta nimekwisha kuyaeleza.

Sikuwa wa kwanza kulia. Novemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya euro milioni 10, kwa kutangaza kuwa simu zake huhimili maji pasipo kubainisha kwamba ni maji ya maabara, na kwa kuwanyima huduma ya dhamana walioingiliwa na maji. Juni 2022 mahakama ya Australia ikaiamuru Samsung ya nchi ile kulipa dola milioni 14 za huko, kwa matangazo yaliyoonyesha simu zikiingia bwawani na baharini, ilhali tundu la kuchajia laweza kuliwa na kutu simu ikichajiwa na maji yangalimo. Yangu si ya hao wawili, na sidai faini ya mtu.

Ninalodai ni jingine, na hapa kicheko kinanikauka. Mvuvi wa Kizingitini hanunui simu kama nilivyonunua mimi. Huitwaa kwa mkopo, hutoa kitangulizi, kisha hulipa kila siku fedha ndogo ambazo zikijumlishwa si ndogo hata kidogo. Na siku akikosa kulipa, simu hufungwa kutoka mbali na programu iliyomo ndani yake, isifae kwa kitu. Aifungaye hajui kwamba kusi limekaza na vyombo vimelala pwani. Kwa simu hiyo ndipo mvuvi yule hujua bei ya kamba, hupokea fedha zake, humwita mwenye boti usiku mke wake akishikwa na uchungu. Ikizama, shahidi mwekundu huondoa waranti, na deni hubaki. Zamani aliifunga ndani ya mfuko wa plastiki wa dukani, nao ulimfaa. Mifuko hiyo ikapigwa marufuku nchini mwetu tarehe 28 Agosti 2017, na naiunga mkono marufuku hiyo kwa ajili ya kasa, ila sikuona aliyemletea mvuvi kitu badala yake, isipokuwa picha ya mapovu. Waliopima simu hii hawakumpima yeye. Walipima birika.

Mengine ni machache. Sasa natumia simu ndogo ya mulika mwizi, isiyojigamba kwa lolote, na siku ilipoanguka ndooni niliitoa betri nikaipangusa, ikaendelea na mazungumzo. Kisha mpwa wangu wa Dubai akaniletea saa ya kuvaa mkononi, ya kuhesabu hatua na mapigo ya moyo. Siku niliyompanda punda kutoka Shela hadi mjini, saa ile ilinihesabia kila hatua ya mnyama, ikatetemeka kwa shangwe, ikanipongeza kwa kutimiza lengo la siku. Punda hakupongezwa na mtu.