Insafu ya LUKU

Mjane wa Ruangwa, ambaye gesi ya Songosongo, rasilimali ya mkoa wake mwenyewe wa Lindi, imempa kisogo tangu 2004 ikielekea Dar es Salaam, naye akibaki kupuliza kuni mbichi za mkorosho, ana taa moja tu, aiwashayo baina ya magharibi na isha. Lakini anunuapo umeme wa LUKU wa shilingi 2,000, kodi ya jengo, iliyoingizwa humo 2021 na kupandishwa 2023 hadi 1,500 kwa mwezi, hutangulia kukatwa, sawasawa na ya tajiri wa Nachingwea mwenye nyumba isiyo ya ghorofa ila yenye majokofu mawili. Zile 500 zilizosalia ndizo nuru yake. Wakubwa wetu, ikiwa huu ndio usawa baina ya fakiri na ghani, twaomba kwa taadhima mtupunguzie kidogo.