Shemeji Anakuja Kusalimia Tu

Bibi, Baba, Mama, Mjomba wa Tandika, Shangazi wa Mwananyamala na wadogo zangu,

Nimeamua kuwaandikia barua kamili kutoka huku Bremen kwa sababu kundi letu la WhatsApp limenishinda. Niliwaambia kwamba Desemba nakuja na mchumba wangu Mjerumani kuwasalimia, basi. Kulipokucha nikakuta kila mtu ameshampangia Shemeji kazi ya kufanya. Sasa watu wa Uhamiaji wanamuuliza mgeni swali moja kubwa: unakuja kufanya nini? Nanyi mmempa majibu chungu nzima, na kila jibu lina viza yake, bei yake na, samahani kwa kusema, faini yake.

Nianze na Mjomba, maana yeye ameshafika mbali. Nasikia umepata fremu karibu na soko na mwenye fremu ameambiwa kwamba mwekezaji yuko njiani. Shemeji afungue duka la rejareja, pembeni uwakala wa kutuma na kutoa pesa, na pale barazani akae fundi simu. Wewe utakuwa msimamizi. Mjomba wangu, hata ungekaa chini ukatafuta kwa makusudi biashara ambazo mgeni amekatazwa, usingepatia hivyo. Julai 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara, Selemani Jafo, alitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Rejareja imo. Uwakala wa pesa za simu umo. Ufundi simu umo. Saluni nayo imo, labda iwe hotelini, kwa hiyo na lile wazo la binamu la kufungua saluni tulisahau. Supermarket wameiachia, lakini duka la dirisha la nondo hata ukilipaka rangi haliwi supermarket.

Mgeni akikutwa, faini haipungui shilingi milioni 10, au jela, na viza yake inafutwa. Hapa sasa usikilize vizuri, Mjomba: raia anayemsaidia mgeni kuendesha biashara hizo naye ana fungu lake, milioni 5 au miezi 3 ndani. Raia huyo ndiye wewe, msimamizi.

Umenijibu kwamba viza ya biashara ipo, dola 250. Ipo kweli. Ni ya mtu mwenye shughuli ya muda mfupi, isiyozidi siku 90, kisha anaondoka. Haimruhusu kukaa kaunta akipima sukari. Mwekezaji wa kweli anaomba kibali cha ukaazi daraja A, akiwa na mtaji mkononi. Shemeji yenu ni fundi wa lifti, amepanga chumba na sebule kama nilivyopanga mimi.

Baba naye, kusikia lifti, akauliza kama maghorofa ya Kariakoo hayamhitaji. Pengine yanamhitaji, Baba, lakini huyo atakuwa ameajiriwa. Atahitaji kibali cha kazi na kibali cha ukaazi daraja B, na mwajiri atatakiwa kueleza kwa nini hakupata Mtanzania. Mafundi lifti wa Kitanzania wapo.

Na wewe mdogo wangu unayetaka awafundishe vijana mpira pale kiwanjani, eti "si anajitolea tu". Kazi ya bure nayo ni kazi. Wazungu wengi wameingia matatani hapo, wamekuja na viza ya matembezi halafu wakaonekana wanafundisha shule au wanahudumia zahanati bila kibali. Acheze nanyi jioni mpaka magoti yachubuke, hakuna atakayemuuliza. Filimbi asishike.

Tuje kwa Shangazi, ambaye ameshaulizia bei ya maturubai. Mpango wake ni kwamba tutue Jumamosi, Jumapili tufunge ndoa. Shangazi, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya siku 21 kabla, itangazwe, mwenye pingamizi ajitokeze. Mgeni naye aje na karatasi ya kwao inayothibitisha kwamba hana mke. Kwa hiyo hata bomani Jumapili hiyo hapatikani mtu wa kutufungisha. Ndipo ukanitumia sauti ya dakika kadhaa ukisema kwamba nimekaa na huyu bwana zaidi ya miaka miwili, hivyo sheria ileile inatuhesabu kuwa wanandoa. Umenishangaza kwa kujua kifungu cha 160! Lakini hiyo dhana ya ndoa husaidia mahakamani, wenzi wakigombea nyumba na watoto. Afisa wa Uhamiaji pale dirishani anataka cheti.

Tukifunga ndoa siku moja, Shemeji ataombewa hati ya mtegemezi, na anayetegemewa ni mimi. Mjomba usicheke. Kuna jambo moja linalonikera kwa dhati hapo. Sheria ya Uraia ya 1995 inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa. Mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo, apange foleni ndefu kama mgeni mwingine yeyote. Yaani kaka angemleta Mjerumani wa kike, safari ingekuwa fupi. Mgombea ubunge akipita hapo Mbagala kuomba kura, muulizeni hilo kabla hajaanza kugawa kofia.

Jibu sahihi amelitoa Bibi peke yake. Alisema, "Mlete nimuone." Viza yake inaitwa ya matembezi, dola 50, anaingia mara moja, anakaa hadi siku 90. Mmarekani hulipa dola 100 kwa ile ya kuingia mara nyingi, atake asitake. Jirani yetu aliyeolewa na Mkenya, mumewe halipi hata senti, na najua Shangazi atalisoma hili kwa sauti.

Tumeiomba kwenye mtandao, katika tovuti ya Uhamiaji inayoishia na go.tz. Zipo tovuti za wajanja zinazofanana nayo na kutoza zaidi. Fomu ilikwama penye anwani ya mwenyeji. Mama akatuma, "Shuka Rangi Tatu, uliza mashine ya kusaga, nyumba ya geti la bluu." Mzungu akataka jina la mtaa na namba. Nyumba zetu zilipewa anwani mwaka 2022, kabla ya sensa, kwa hiyo mdogo wangu akatumwa nje na tochi ya simu kutafuta kibao. Kibao kipo, juu yake kuna tangazo la chumba kinapangishwa.

Hata hivyo ilikuwa kazi ya jioni moja. Mama, nikitaka uje wewe huku kunitembelea, viza ni yuro 90 tangu Juni 2024, miadi, taarifa za benki, mtu wa kukudhamini, na ukinyimwa pesa hazirudi. Mke wa Mjerumani akitokea Temeke hutakiwa kwanza afaulu mtihani wa Kijerumani. Shemeji yenu akija huko mtihani wa Kiswahili atapewa na Bibi tu, na juzi kwenye video alianza kwa kumwambia Bibi "marahaba".

Akitaka kuvuka kwenda Zanzibar atalipia bima ya dola 44, ndivyo ilivyo tangu Oktoba 2024, kwa hiyo msimwambie nimemuibia.

Basi naomba haya. Mjomba, rudisha funguo za fremu. Shangazi, arbuni ya maturubai ukiweza kuidai, idai. Uwanja wa ndege, Terminal 3, waje watu wa kujaa gari moja tu, na asitokee mtu na bango lililoandikwa "Karibu Mwekezaji".