Barua ya wazi kwa Gavana: Tunaomba fedha zetu zisifungwe kwenye laini ya simu

Kwa Mheshimiwa Gavana,
Benki Kuu ya Tanzania,
Dodoma.

YAH: OMBI LA NJIA NYINGINE YA UTHIBITISHO KWA WATEJA WA BENKI WALIO NJE YA NCHI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

 Naomba radhi kwa kukuandikia hadharani jambo ambalo pengine lingefaa kufika mezani kwako ndani ya bahasha. Nimeliandika wazi kwa sababu si langu peke yangu, na wengi wanaoumia nalo hawajui wabishe mlango gani. Nakusihi unipe dakika chache za muda wako wenye thamani.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nafanya kazi hapa Muscat. Nina akaunti katika moja ya benki zetu, nisiyoitaja kwa kuwa sikuandika kuishtaki. Nikitaka kulipa ada ya shule ya wadogo zangu, au kumtumia mama fedha ya dawa, benki hutuma meseji ya tarakimu chache kwenye namba yangu ya nyumbani, ile inayoanza na +255. Naziingiza, muamala unapita. Kwa muda mrefu utaratibu huo ulinitosha, na nilikuwa nikiishukuru benki kwa kuniangalizia mali yangu.

Kisha laini ikakatwa. Ilikuwa na salio la kutosha, lakini kwa taratibu za mtandao salio si matumizi. Laini isiyopiga simu wala kununua kifurushi kwa miezi kadhaa huhesabiwa kuwa imelala, na kuipokelea meseji za benki peke yake hakukuhesabiwa kuwa ni uhai. Niliwapigia watu wa mtandao kupitia intaneti, wakanijibu kwa adabu kwamba nifike dukani mwenyewe na kidole changu. Nikawaomba benki wabadilishe namba waweke ya Oman. Nao, kwa adabu ileile, wakasema nifike tawini mwenyewe na kitambulisho. Duka liko Tanzania, tawi liko Tanzania, kidole kiko Muscat. Tangu hapo fedha yangu naiona kwenye taarifa ya akaunti kila mwezi, wala siwezi kuigusa.

Mheshimiwa, naomba nieleweke vizuri. Siudharau utaratibu wa kusajili laini kwa alama za vidole. Nakumbuka ulivyoanza Mei mosi 2019, tukapanga foleni za NIDA kutafuta ile namba ya kitambulisho cha taifa yenye tarakimu 20, na jinsi tarehe ya mwisho ilivyosogezwa hadi Januari 20, 2020. Sababu ilikuwepo, tena kubwa. Hakuna Mtanzania mwenye simu ambaye hajawahi kupokea meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", na wazee wetu wengi wamelizwa nayo. Aliyeamua kwamba kila laini iwe na mwenyewe anayejulikana alitutendea wema. Benki nazo zina haki ya kutaka uhakika kabla ya kumfungulia mtu mlango wa fedha. Sikuja kuomba mlango huo ulegezwe.

Nilichokuja kukueleza ni kile ambacho watu hulazimika kufanya ili wasifungiwe, maana nadhani ndicho kitakachokugusa zaidi ukiwa mlinzi wa mabenki.

Mtu akisafiri huiacha laini kwa ndugu. Anamwachia mdogo wake Temeke, au mke, au jirani mwenye moyo mzuri. Akitaka kufanya muamala anampigia kwa WhatsApp: "Angalia meseji imeingia? Nisomee hizo namba." Mdogo anasoma, mtu anaandika, muamala unapita kabla muda wa tarakimu haujaisha. Hapa Muscat jambo hili ni la kila wiki, nami nimelisikia kwa walimu, madereva, wauguzi na wafanyakazi wa ndani. Meseji yenyewe, Mheshimiwa, huja na onyo lenye busara kabisa kwamba mteja asimpe mtu yeyote tarakimu hizo, hata mfanyakazi wa benki. Sasa maelfu ya watu waaminifu wanazoea kuzisoma kwa sauti kwenye simu ili wapate haki yao wenyewe. Siku mwizi akipiga na kusema kwa sauti ya haraka "nisomee hizo namba", yule mdogo wa Temeke hatashtuka, kwa kuwa hilo ndilo alilozoeshwa. Hili linaninyima usingizi kuliko fedha yangu iliyokwama.

Wengine hununua namba za mtandaoni kwa wauzaji wasiojulikana, namba za kupokelea meseji tu. Benki nyingi huzikataa, na zinafanya vyema, kwani namba moja ya aina hiyo yaweza kuwa imeshapita mikononi mwa watu wengi. Wenye uwezo huilipia laini ya nyumbani ibaki hewani hapa Oman, na mara nyingine meseji hufika, mara nyingine hufika ukurasa wa malipo ukiwa umeshajifunga.

Tafadhali niruhusu nifike kwenye kiini. Namba ya simu si mali ya mteja. Ni mali ya taifa inayogawiwa kwa mitandao, nayo mitandao hutukopesha sisi. Laini ikilala huchukuliwa, na baada ya muda yaweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Mtu huyo hana kosa lolote. Kanunua laini mpya Mwanza au Mbeya, kaisajili kwa kidole chake kama sheria inavyotaka, na asubuhi yake anaanza kupokea meseji za benki za mtu asiyemjua: salio, miamala, pengine hata tarakimu za siri. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na naamini kwa dhati haikutungwa ili habari za fedha za mtu zimfikie mgeni kwa njia hii. Utambulisho wangu ninao mwenyewe: ni kidole changu, sura yangu, pasipoti yangu na ile namba ya NIDA isiyogawiwa mtu mwingine hata nikifa. Laini ni ya kukopa. Ni vigumu kuelewa kwa nini kitu cha kukopa kipewe nguvu juu ya vitu vyangu vyote vya kudumu.

Meseji yenyewe, ukiniruhusu niseme, si ngome imara kiasi hicho. Mfumo unaozibeba ishara baina ya mitandao ya simu, uitwao SS7, una mizizi ya miaka ya 1970 na 1980, enzi ambazo kampuni za simu zilikuwa chache na zikiaminiana. Mwaka 2017 huko Ujerumani wezi waliokwisha kuiba nywila za wateja waliutumia mfumo huo kuzielekeza meseji za benki kwao na kuhamisha fedha, na kampuni ya O2-Telefónica ilithibitisha kwamba wizi huo ulitokea. Mwaka huohuo taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo kwa mifumo ya serikali yao ukiiweka meseji ya simu katika kundi la njia zenye mashaka, na kwamba anayeitumia lazima ampe mtumiaji angalau njia moja nyingine. Nimelitaja sharti hilo la mwisho kwa makusudi, Mheshimiwa. Hawakuipiga meseji marufuku. Walichokataa ni kuiacha iwe njia pekee, na ombi langu lote liko hapo.

Njia nyingine si ya kubuni upya. Kuna utaratibu uliochapishwa mwaka 2011 ambao programu nyingi za uthibitisho duniani huutumia. Benki na simu ya mteja hupeana siri moja mara moja tu, mwanzoni. Kuanzia hapo kila upande huichanganya siri hiyo na saa iliyopo na kupata tarakimu zilezile, zikibadilika kwa kawaida kila baada ya sekunde 30. Ni kama saa mbili zilizotegwa pamoja, moja ikabaki Dodoma na nyingine ikaja Muscat. Hakuna meseji inayosafiri, hakuna laini inayohitajika, na hata intaneti haitakiwi ili tarakimu zionekane. Aliyeko Oslo na aliyeko Namanga wanalindwa sawasawa. Huko Singapore, Julai 2024, mamlaka ya fedha na chama cha mabenki walitangaza kwamba benki kubwa zitaziondoa tarakimu za mara moja katika kuingia kwenye akaunti kwa wateja ambao simu zao zimeshawekewa uthibitisho wa kidijitali. Wamekwenda mbele kuliko ninachokiomba mimi.

Tena mfano ulio karibu nami zaidi ni wa India, kwa kuwa nafanya kazi bega kwa bega na watu wa Kerala. Januari 2023 shirika linaloendesha malipo ya kitaifa nchini kwao, NPCI, liliruhusu raia wao walio katika nchi 10, Oman ikiwa mojawapo, kuunganisha namba zao za ugenini na mfumo wa malipo wa UPI, mradi akaunti ziwe za aina iliyotengwa kwa wakaao nje na taratibu za udhibiti zifuatwe. Jambo lililohitajika lilikuwa waraka na maandalizi ya mifumo. Nikiwaona wenzangu hao wakilipa ada za watoto wao wakati wa chai, kwa namba ya Oman, nafikiri kwamba sisi tunayo TIPS, mfumo wa malipo ya papo kwa papo uliojengwa na Benki Kuu, na kwamba nchi iliyoweza kuujenga haiwezi kushindwa na hili.

Kwa unyenyekevu mkubwa, basi, naomba ofisi yako tukufu itazame uwezekano wa kuzielekeza benki zote zenye huduma za kidijitali zimpe kila mteja njia ya pili ya uthibitisho isiyotegemea laini, aichague yeye mwenyewe angali tawini, kabla hajapanda ndege. Naomba pia mteja aliye nje aweze kubadilisha namba yake bila kurudi nchini, kwa kutambuliwa uso na pasipoti kwa njia ya video, au kwa kufika ubalozini. Ubalozi wetu upo hapa Muscat, na kwa mtu wa Muscat kufika pale ni nauli ya teksi, si tiketi ya ndege. Na pale utakapoona inafaa, nakuomba uzungumze na wenzako wa Mamlaka ya Mawasiliano ili benki ipate taarifa kabla namba iliyounganishwa na akaunti haijapewa mtu mwingine. Kanuni zako za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha tayari zinataka mteja atendewe kwa haki. Naziona ndizo msingi wa kutosha wa kuanzia.

Kabla sijaweka kalamu chini, nakuomba umkumbuke mtu mmoja ambaye hataandika barua. Ni mmoja wa dada zetu waliokuja huku kufanya kazi za ndani. Ripoti ya Human Rights Watch ya Novemba 2017 ilieleza habari za wafanyakazi wa Kitanzania walioko Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu ambao pasipoti zao zilichukuliwa na waajiri. Kwa dada wa namna hiyo, maneno "fika tawini mwenyewe na kitambulisho" yana maana ya kwamba mshahara aliouweka nyumbani miaka miwili hautaguswa hadi mkataba uishe, hata mtoto wake akilazwa Hospitali ya Bombo usiku huu. Mimi nina siku za likizo na nauli nitaipata. Yeye hana hata ruhusa ya kutoka getini. Njia yoyote mtakayoitengeneza, naomba ipimwe kwanza kwa kuuliza kama yeye angeweza kuitumia, akiwa na simu ndogo jikoni, baada ya kazi, saa tano usiku.

 Niko tayari kujibu swali lolote wataalamu wako watakalonitumia, kwa barua pepe au kupitia ubalozini.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa,

Mteja wa benki, mkaazi wa Muscat, Oman