Gofu, Bahari na Nyanya: Namna Likizo ya Pwani Inavyopangwa

Likizo ya familia katika pwani ya Kenya hupangwa mara mbili: mara ya kwanza sebuleni, Nairobi au Eldoret, na mara ya pili ufukoni, baada ya mpango wa kwanza kuvunjika. Ule wa sebuleni ndio mzuri zaidi. Una gofu kwa ajili ya baba, bahari kwa ajili ya watoto, vivutio kwa ajili ya nyanya, na kwa ajili ya mama una jambo linaloitwa kupumzika, ambalo halikuwekewa saa. Kasoro yake ni moja tu, kwamba umepangwa na mcheza gofu.

Kuhusu msimu hakuna mjadala mrefu. Mvua kubwa ya Aprili na Mei huondoa miezi hiyo, na kusi inayofuata huchafua bahari hadi karibu na Septemba. Desemba upepo ni wa kaskazi, jua ni kali na shule zimefungwa. Kwa hiyo kila familia ya bara hufikia uamuzi uleule katika wiki ileile, kisha kila moja hushangaa kukuta nyingine zote kituoni.

Kituo chenyewe ni Syokimau, zinakoondokea treni za Madaraka Express zilizoanza kubeba abiria mwaka 2017. Hapo mizigo yote hupangwa chini kwa mstari ili mbwa wa usalama waipitie wakinusa. Wenye mizigo husimama kando wakiwa na nyuso za watu wasio na hatia, hata wasio na hatia. Mkoba wa fimbo za gofu, ambao baba alikuwa ameandaa maelezo yake kwa ufasaha, mbwa huupita bila kuuangalia. Mkoba wa nyanya wenye kuku wa kukaanga hupewa muda mrefu zaidi, na kwa heshima.

Safari ya treni hupita katikati ya Tsavo, ambako watoto huambiwa waangalie ndovu nao huangalia simu. Mwisho wa reli ni Miritini. Miritini hakuna ufuko, jambo ambalo mpango wa sebuleni haukulitaja. Wanaokwenda Diani bado wana kazi ya kufika kusini mwa kisiwa cha Mombasa, ama kwa feri ya Likoni ama kwa barabara ya Dongo Kundu inayokizunguka. Anayeshauri Likoni ili watoto waone feri kwa kawaida ndiye huyo huyo atakayeanza kuilalamikia foleni.

Gofu hupangwa kwanza, na kila kitu kingine hujazwa kwenye nafasi zilizobaki. Viwanja havikosekani. Mombasa Golf Club, kando kabisa ya bahari, ina mashimo 9, na atakaye 18 huzunguka mara mbili. Upepo ukikaza, mpira unaweza kuelekea upande ambao hakuna kedi atakayetumwa kuufuata. Nyali pana mashimo 18, na Diani vilevile. Vipingo, katika Kaunti ya Kilifi, kuna uwanja wa Baobab kwenye mwinuko unaotazama bahari, katika eneo lililojulikana kwa mashamba ya mkonge. Desemba 2019 palichezwa hapo mashindano ya wanawake ya mzunguko wa Ulaya, na Mjerumani Esther Henseleit akashinda. Tangu hapo mababa wengi wamecheza pale kwa mafanikio madogo zaidi.

Mchezo wa mashimo 18 huchukua saa nne au zaidi. Mwanafamilia anayeondoka saa mbili asubuhi akiahidi kurudi saa nne kwa hiyo hadanganyi. Hajafanya hesabu tu. Hesabu hiyo pia haijumlishi muda wa kutafuta shati. Vilabu vya gofu hudai shati lenye kola na viatu vinavyostahili, ilhali sanduku la likizo ya pwani limejaa fulana, kaptura za kuogelea na malapa. Shati moja lenye kola hupatikana hatimaye: ni lile lililochukuliwa kwa ajili ya harusi ya Jumamosi, na Jumamosi litavaliwa hivyo hivyo. Kedi, ambaye amewaona wageni wengi wa Desemba, husema "pole, bwana" baada ya kila pigo. Huisema kwa upole uleule kwenye shimo la kwanza na kwenye la kumi na nane, na hiyo ni sehemu ya taaluma yake.

Wakati huohuo watoto wameshapakwa mafuta ya kuzuia jua, wameshavaa maboya ya mikononi, wamekwenda ufukoni, na bahari haipo.

Hili ndilo somo ambalo mpango wa sebuleni huliruka kabisa, nalo ni kubwa kuliko mengine yote. Bahari ya pwani hii hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na nyakati zake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji makavu hupita mita 3. Ukanda wa Mombasa na Diani una tabia yake ya pekee: siku za bamvua maji hujaa alfajiri na jioni, saa kumi au kumi na moja, na hukauka saa nne au saa tano asubuhi. Kwa maneno mengine, hukauka saa ileile ambayo kila familia ya bara imeichagua kwa kuogelea. Wiki moja baadaye, maji yakiwa mafu, mambo hugeuka na bahari huwa imejaa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, ingawa haijai sana. Mvuvi yeyote hujua haya kwa kuutazama mwezi. Mkaguzi wa hesabu kutoka Upper Hill huyajua kwa kuuliza mapokezi ya hoteli kama maji yamefungwa kwa matengenezo.

Maji makavu yana faida zake. Inawezekana kutembea hadi karibu na mwamba, kuona samaki wadogo kwenye vidimbwi, na kupata kijana wa ufukoni atakayeonyesha kiti cha pweza hata kama pweza hayupo. Hatari ni kukanyaga wale viumbe wenye miiba mirefu myeusi wanaojificha kwenye mawe. Dawa ya wenyeji ni utomvu wa papai bichi. Dawa ya nyanya ni kusema kwamba alikuwa ameonya.

Wapo wanaokwepa msongamano wa Diani kwa kwenda Malindi, na hao hukutana na jambo jingine. Mto Athi huanzia upande wa Nairobi, hupita Ukambani, hubadilisha jina kuwa Galana na hatimaye Sabaki, kisha huingia baharini kaskazini kidogo mwa Malindi. Mvua ikinyesha bara, mto huo hubeba udongo mwekundu, nayo kaskazi huusukuma udongo kuelekea kusini, hadi ghuba ya mji. Familia inaweza basi kusafiri mamia ya kilomita kuukimbia udongo wa kwao, ikakuta umetangulia.

Vivutio ndivyo vinavyookoa asubuhi za bamvua. Haller Park, Bamburi, lilikuwa chimbo la mawe ya kiwanda cha saruji. René Haller alianza kupanda mivinje hapo mwaka 1971, akawaachia jongoo kazi ya kuyasagasaga majani hadi yawe mboji, na leo kuna msitu, twiga na viboko. Watoto huwa wamesikia habari za Owen, ndama wa kiboko aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004 na kujiegemeza kwa kobe mzee aliyeitwa Mzee. Hutaka kuwaona wamekumbatiana. Huelezwa kwamba baadaye Owen alihamishiwa kwa kiboko mwenzake, na mmoja wao hulia.

Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2011, huzua shida ya aina nyingine: bei. Raia hulipa kidogo, mgeni hulipa zaidi. Shangazi aliyekuja kutoka Minnesota na pasipoti ya Marekani hujaribu kumshinda karani kwa Kiswahili sanifu, kisha kwa Kikuyu, kisha kwa kutaja chifu wa lokesheni yao. Karani humsikiliza yote, humsifu, na kumkatia tiketi ya mgeni.

Kuhusu wanyama wa Diani, ni vizuri kuwatofautisha. Mbega, wenye manyoya marefu meusi na meupe, hula majani, na juu ya barabara wamewekewa madaraja ya kamba ili wasigongwe na magari. Hawana haja na mkate wa mtu. Kima wanayo. Kima hufika mezani sekunde chache baada ya mhudumu kuondoka, huchukua mkate na kuacha yai, na mara nyingi huonekana wameifahamu ratiba ya hoteli kuliko walioilipia.

Mpango unaofanya kazi, kwa hiyo, huanza na mwezi. Katika wiki ya bamvua, gofu iwe saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla ya jua kukaza, vivutio vifuate, na bahari iachiwe alasiri maji yanapojaa. Katika wiki ya maji mafu, asubuhi ni ya watoto na gofu isubiri saa tisa, hata mchezaji akinuna. Tiketi za treni za kurudi zinunuliwe siku ileile ya kununua za kwenda, maana Januari shule hufunguliwa kwa wote kwa pamoja.