Barua ya wazi kwa wakubwa wa barabara: tupeni sheria ya tani

Kwa waheshimiwa wakubwa wa barabara na usalama wa barabarani,
Kolwezi, Jimbo la Lualaba

Kuhusu: Ombi la kuhalalisha jinsi tunavyopita kwenye mizunguko ya barabara

Waheshimiwa,

Sisi wa teksi, wa mabasi madogo na wa manseba, yaani pikipiki za abiria, tunasikia kila siku kwamba hatujui kupita kwenye mzunguko. Inasemwa tunaingia bila kutazama, tunasimama katikati, tunapiga honi badala ya kupiga breki. Maneno hayo tumeyapokea kwa unyenyekevu. Tumekaa kwenye maegesho, tumeyajadili mpaka abiria wakaanza kutukana, na tumeafikiana kuwaomba jambo moja tu: msihangaike kutubadilisha sisi. Badilisheni sheria, iandikwe kama tunavyoitekeleza.

Sheria tunayoifuata ni fupi na haijamshinda mtu. Mwenye tani nyingi anapita kwanza. Lori lenye kathodi za shaba likielekea mpaka wa Kasumbalesa halina wa kulizuia, isipokuwa tanki la asidi. Nyuma yao yanakuja magari ya mgodi yenye vibendera juu ya fimbo ndefu, halafu gari la mkubwa lenye vioo vyeusi, ambalo kwa kilo ni jepesi lakini lina uzito wa aina nyingine. Basi dogo linamshinda mwenye teksi, teksi inamshinda manseba, manseba anamshinda mwenye baiskeli ya makaa, na mwenye makaa, akiwa amelemewa na magunia yake, bado anapata wa kumshinda: mama anayevuka kwa miguu na mtoto mgongoni. Hakuna bango la sheria hii, wala hakuna aliyewahi kuikosea kwenye mtihani.

Mnatuuliza kwa nini kwenye njia panda ya kawaida tuna adabu zaidi. Ni kwa sababu pale kuna mtu. Roulage, polisi wa barabarani, amesimama na kofia yake ya njano, filimbi mdomoni, mkono juu. Unajua nani wa kumtazama, nani wa kumsalimia, nani wa kumwambia "chef, leo bado sijapata kitu." Akikosea, kuna wa kulaumiwa. Mzunguko hauna mtu. Unamtaka dereva aamini kwamba dereva mwenzake, asiyemjua, anafuata sheria ileile anayoifuata yeye. Waheshimiwa, mnatujua kweli?

Halafu tuambieni, ni sheria ipi hiyo. Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, kanuni ya barabara ya nchi hii, imetulea na neno moja ambalo kila shule ya udereva inalikariri: anayetoka mkono wa kuume apewe njia. Sawa. Sasa chukueni kikombe, kiwekeni mezani, mkizungushie kidole kushoto kwenda kuume upande ulio karibu nanyi, kama magari yetu yanavyozunguka. Anayeingia anatokea upande gani wa yule aliye ndani? Kuume. Kwa hiyo mtiifu wa sheria, akiwa ndani ya mzunguko, anasimama kumpisha anayeingia. Nyuma yake wanasimama wengine. Wanaoingia wanaendelea kuingia, wa ndani hawatoki, na baada ya dakika chache mmepata maegesho ya umbo la duara. Si ujinga wa Wakongo huu. Wafaransa, wenye kanuni hiyohiyo ya mkono wa kuume, waliendelea kujifunga hivyo mpaka mwaka 1984, walipoamua kwamba aliye ndani ndiye mwenye njia, mradi bango liwepo mlangoni. Waingereza waliamua hivyo mapema zaidi, Novemba 1966, na hapo ndipo mizunguko yao ilipoanza kupitika.

Kwa hiyo penye bango la pembetatu iliyopinduliwa, mwenye kuingia anajua ni zamu yake kungoja. Lakini bango likigongwa na trela likalala kwenye majani, au likikosekana tangu siku ya uzinduzi, mkono wa kuume unarudi madarakani pasipo uchaguzi, na kila mmoja wetu anakuwa na haki.

Kuna pia jambo la usukani. Magari yetu mengi yametoka Japani, yamepita bandari ya Dar es Salaam, na usukani wake uko kuume, katika nchi inayoendesha kuume. Tumeshasikia matangazo ya kuyakataza, na tumeyasikiliza kwenye redio za magari hayohayo. Mkono wa kushoto, ambako ndiko anakotokea aliye ndani ya mzunguko, dereva haoni vizuri. Anayeona ni abiria wa mbele. Na kiti cha mbele cha teksi yetu, mnajua, kinabeba wawili. Basi pale mlangoni mwa mzunguko dereva anageuka kwa mama aliyepakata beseni la samaki na kumwuliza: "Mama, banakuya?" Mama anainua beseni kidogo, anachungulia, anajibu: "Pita, papa, iko mbali." Imani yetu yote imo katika jibu hilo. Shida ni kwamba "mbali" ya mama anayechelewa soko si "mbali" ya lori lisilo na mzigo linalorudi mgodini.

Na huyo dereva wa lori naye tumhurumie. Wengi wao ni Watanzania na Wazambia. Kwao wanaendesha kushoto, na mzunguko wanauzunguka kama mishale ya saa. Akivuka Kasumbalesa anahamishwa upande, na mikono yake inatakiwa isahau kwa siku moja ilichozoea miaka mingi. Kwenye barabara iliyonyooka anafuata aliye mbele yake. Kwenye mzunguko mtupu, alfajiri, ukungu wa kiangazi umeshuka, hana wa kumfuata.

Tukisema tani zina mamlaka hatufanyi mzaha mtupu. Februari 2019, karibu na kijiji cha Kabwe kwenye barabara ya Likasi, lori la asidi lililokuwa likielekea mgodini liligongana na magari mengine, basi la abiria likiwemo, na watu wapatao 20 wakafa. Hapakuwa na mzunguko pale. Kulikuwa na barabara moja tunayogawana na mitambo ya dunia nzima, na aliye mwepesi ndiye aliyelipa.

Tusidhaniwe tunauchukia mzunguko. Wanaohesabu mambo haya wanasema njia panda ya barabara nne ina sehemu 32 ambapo magari mawili yanaweza kukutana vibaya. Mzunguko wa safu moja ya magari una 8. Na ajali yake ni ya ubavu, bati kwa bati, si ya uso kwa uso. Huko Marekani, watafiti waliwauliza madereva wa Kansas, Maryland na Nevada kabla ya mizunguko kujengwa kwao: waliounga mkono walikuwa asilimia 31. Wakaulizwa tena muda mfupi baada ya kujengwa: asilimia 63. Binadamu ni huyohuyo. Lakini wale walikuta mlangoni bango na mstari, wakajua wa kungoja ni nani.

Sisi tunakuta nini? Hapa ndipo tunapoomba ruhusa ya kusema kwa sauti ya juu kidogo. Mzunguko unafanya kazi yake ukingoni: kwenye mlango mwembamba unaomlazimisha mtu apunguze mwendo, kwenye mstari mweupe, kwenye pembetatu, kwenye ukingo wa chini ulioachwa kusudi ili magurudumu ya nyuma ya trela yapande bila kuvunja kitu. Wakubwa wanaupenda katikati. Katikati ndiko kunakokaa sanamu, maua, taa za rangi na bamba la marumaru lenye jina na tarehe. Tumeona tepe nyingi zikikatwa mbele ya sanamu. Hatujaona utepe uliokatwa mbele ya mstari wa rangi.

Tunajua mtatujibu kwa roboti. Mwaka 2013 mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake walisimamisha kule Kinshasa maroboti makubwa ya alumini, yenye kula umeme wa jua, yanayoinua mkono na kugeuka kama roulage. Lubumbashi nayo ikapata yake. Madereva waliyaheshimu, na sababu haihitaji mtafiti: roboti haina karo ya watoto ya kulipa. Ni kazi nzuri ya akili za kwetu. Ila roboti ni ya njia panda. Mzunguko ulibuniwa ili usihitaji mtu wala mashine. Mkishamweka roulage ndani ya mzunguko awapangie watu zamu, mmejenga njia panda ya bei ghali yenye maua.

Basi maombi yetu ni mawili, mchague moja. La kwanza: wekeni mizani ya kupimia magari kwenye kila mlango wa kila mzunguko, na afisa wa kutoa risiti, ili mwenye tani nyingi atambulike rasmi na manseba ajue kwa maandishi kwamba hana haki. Jimbo linaloipa dunia kobalti nyingi kuliko nchi nyingine yoyote halitashindwa kununua mizani.

La pili ni la watu wasio na bajeti: rangi nyeupe ya mstari wa kungojea, pembetatu kwenye kila mlango, fundi wa kuirudisha inapogongwa, na wiki chache za redio kwa Kiswahili zikisema neno moja tu, kwamba aliye ndani apite, anayeingia angoje. Redio hiyo isikike pia kwenye foleni ya Kasumbalesa, ambako madereva wa malori wana muda mwingi wa kusikiliza.

Mkichagua la pili, tafadhali pakeni rangi kiangazi hiki. Mvua zikianza Oktoba, rangi haishiki.

Wenu katika foleni,
Dereva mmoja wa teksi, Manika, Kolwezi