Mhadhara wa Hadhara, Uliotolewa Busia, Kuhusu Uendeshaji wa Baiskeli za Matairi Manene Juu ya Miamba ya Pwani Wakati wa Maji Kupwa

Waheshimiwa wa pande zote mbili za mpaka, wazee wa keria, mama wa chapati uliyetuazima benchi, na wewe fundi ambaye hujaacha kugonga rimu tangu nilipoanza kukohoa: hamjambo. Sihitaji kutambulishwa. Nimejitambulisha mwenyewe kwenye bango lile pale, na kama upepo umelikunja, someni nusu inayoonekana. Sifa zilizomo zinatosha.

Nimesikia mtu akinong'ona kwamba Busia haina bahari. Ni kweli, na ndiyo sababu nimeichagua. Mombasa wanayo bahari, na mtaalamu akienda kule kuwaeleza habari za bahari watamuuliza maswali.

Tuanze na maji. Baharini maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa kumoja hadi kwingine hupita kama saa 12 na dakika 25, kwa kuwa mwezi haufuati saa ya mtu. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa ndio kwanza umeandama, huja bamvua. Maji huenda mbali sana na miamba yote hubaki uchi. Katikati ya hapo ni maji mafu, na mwenye akili hulaza baiskeli. Kule Unguja, Paje na Jambiani, watu wanaijua hesabu hii bila karatasi. Maji yakitoka, akina mama wanashuka kwenye mashamba ya mwani, na vijana wanapita na baiskeli juu ya mchanga mgumu ulioloa. Baiskeli zenyewe ni hizihizi nyeusi, za matairi membamba, mlizoziegemeza hapo ukutani. Hilo la mwisho msiliandike.

Sasa Ziwa Victoria. Watu wa vipimo husema mwezi hulivuta ziwa letu kwa sentimita chache tu, kiasi ambacho upepo wa alasiri hukifuta. Sibishani nao. Nasema tu kwamba hawakusubiri vya kutosha. Baada ya mvua kubwa za 1961 ziwa lilijaa mpaka likagota mita 13.41 kwenye kipimo cha Jinja, mwezi wa Mei 1964. Hapo likaanza kupwa. Likapwa weee, hadi 2006, mitumbwi ikalala kwenye tope mbali na magati yake. Kuna wanaotaja ukame na maji yaliyoachiwa kwenye mabwawa ya Jinja. Hao ni watu wa mambo madogo. Kisha likageuka. Mei 2020 likafika mita 13.42, sentimita moja zaidi ya lilipokuwa 1964, likaingia majumbani mwa watu Port Victoria bila kupiga hodi, na Budalang'i mafuriko yakahamisha watu kwa mara nyingine.

Mmeona? Kupwa miaka 42, kujaa miaka 14. Jedwali nimelichapisha, linauzwa pale kwa kijana mwenye mwavuli.

Mabaharia wana kanuni ya sehemu 12, na leo nawapa bure. Kupwa huchukua kama saa 6. Saa ya kwanza maji hushuka sehemu moja kati ya 12, ya pili sehemu mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Yaani katikati ndipo maji hukimbia, na yakirudi ni vivyo hivyo: huanza polepole, mtu akajiona salama, halafu ghafla yako magotini. Ndiyo maana mwendeshaji makini haondoki maji yakiwa yamefika chini kabisa. Huondoka yakiwa bado yanashuka, akawa njiani kurudi yanapogeuka. Sasa tulete kanuni hii ziwani. Miaka 42 kwa saa 6 ni miaka 7 kwa kila saa. Basi saa ya tatu na ya nne za kupwa kwetu zilianza 1978 zikaisha 1992. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Mlipitwa na kupwa, na hakuna wa kulaumiwa ila wazazi.

Wanaotaka kuendesha kwenye mawe ya ufukweni wajiandikishe leo na waache maagizo kwa wajukuu. Ninapozungumzia mawe nazungumzia upande wa Samia, kwenye vilima vile vyenye madini ya chuma, ambayo wahunzi wa Kisamia waliyayeyusha wakafua majembe kabla ya meli ya kwanza ya mzungu kupiga honi ziwani. Chuma kinatoka hapo, na baiskeli ni chuma. Tafakarini wenyewe, mimi naendelea.

Kwa mafunzo ya miamba mirefu, darasa litahamia Tororo. Mwamba wa Tororo ni koo la volkano iliyokufa: mlima wenyewe ulimomonyoka, likabaki jiwe lililokuwa limegandia ndani. Kilele chake kipo mita 1,483 juu ya bahari. Ziwa lipo mita 1,134. Toeni. Mita 349, na hakuna bamvua iliyowahi kulifikia jiwe hilo. Kwa lugha ya kitaalamu, Tororo ipo katika kupwa kwa kudumu, na ni pwani pekee duniani ambapo mwendeshaji hahitaji kuangalia saa. Ndugu yangu kutoka Tororo anatikisa kichwa. Anasema juu kunapandwa kwa ngazi za chuma. Najua. Baiskeli itabebwa begani, na kubeba ni sehemu ya kuendesha. Someni sura ya nne ya kitabu changu.

Tuje kwenye tairi. Mwaka 1888, huko Belfast, John Boyd Dunlop alisajili tairi la upepo baada ya kulijaribu kwenye baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu. Huyo Dunlop alikuwa daktari wa mifugo. Daktari wa ng'ombe! Kwa hiyo wanaopita wakisema kwamba kabla ya utaalamu huu nilikuwa dalali wa kuku, wanazidi kunipandisha cheo.

Tairi la hizo baiskeli zenu nyeusi, Black Mamba, ni inchi 28 kwa moja na nusu. Tairi nene lina upana wa karibu inchi 4, mengine yanakaribia 5. Lilianza na watu wa Alaska waliotaka kuvuka theluji na watu wa New Mexico waliotaka kuvuka mchanga. Kabla ya rimu pana kupatikana, kuna waliounganisha rimu mbili ubavu kwa ubavu. Mwaka 2005 kampuni ya Surly ya Marekani ikatoa baiskeli iitwayo Pugsley, na tangu hapo kitu hicho kikawa cha dukani.

Siri yake ni hesabu ya darasa la tano. Mtu na baiskeli yake wakiwa kilo 100, hiyo ni kama pauni 220. Jaza upepo wa pauni 50 kwa inchi ya mraba: matairi yote mawili yanagusa ardhi kwa inchi za mraba 4 na ushee. Punguza upepo hadi pauni 10: yanagusa kwa inchi za mraba 22. Uzito ni uleule, ardhi inayoubeba imezidi mara tano. Mchanga haumezi tairi, na jiwe likiwa na meno tairi hulala juu yake kama ugali wa moto kwenye sinia.

Fundi ameinua spana. Anasema wakati wa masika, njia ya Funyula ikigeuka tope, wao huachia upepo kidogo, na baba yake aliachia vilevile. Fundi, hayo ni mazoea. Yanakuwa sayansi yakisemwa na mtu aliyevaa tai. Anaongeza kwamba ukiachia mno kwenye mawe, rimu hubana tyubu ikatoboka matundu mawili pacha. Sawa, nilikuwa nafika hapo, ukurasa wa tisa.

Niharakishe mengine. Jiwe la kijani linateleza, usilikanyage ukiwa umelala kona. Pita penye chaza wadogo waliogandia, wanakwaruza lakini wanashika. Breki ya mbele iache ipumzike. Mnyororo uoshe kwa maji baridi ukitoka baharini, maana chumvi haisamehi. Hapa ziwani chumvi hakuna, na hiyo ni faida ya Busia ambayo Mombasa hawataipata kamwe.

Wengine mnauliza eneo hili lina historia gani ya kuvuka mawe kwa magurudumu mawili. Ipo, ila haina vyeti. Miaka ya 1960, kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda palikuwa na kipande cha barabara kisicho na mwenyewe. Vijana wakafunga mto juu ya keria, wakawa wanabeba abiria na mizigo yao kutoka mpaka hadi mpaka. Halafu Julai 1975 baridi kali ikaunguza kahawa Brazil, bei ikapaa duniani kote, lakini mkulima wa Uganda chini ya Idi Amin akawa analipwa kiduchu. Kahawa ikatafuta njia zake. Soko la Chepkube, kule chini ya Mlima Elgon, likafurika magunia. Njia za panya zilipita kwenye mito, na wakati wa kiangazi mto ukikauka kinachobaki ni mawe. Mtu akavuka usiku, hana taa, gunia nyuma, askari mbele, tairi la inchi moja na nusu. Kisheria lilikuwa kosa. Kitaalamu pia lilikuwa kosa, kwani tairi lilikuwa jembamba.

Tarehe 24 Februari 2018 marais wawili, Kenyatta na Museveni, walizindua hapa kituo cha pamoja cha mpakani, na siku hizi pikipiki zimewanyang'anya abiria wengi. Ndiyo maana nimewaletea njia mpya ya kujikimu. Nitapokea swali moja.

Mzee wa kofia, uliza. Sema kwa sauti. Anauliza: baiskeli hii ya matairi manene, keria yake iko wapi?

Haina keria, mzee. Ni baiskeli ya burudani na afya.

Anauliza: abiria anakaa wapi?

Hana pa kukaa. Anayeendesha ndiye anayesafiri. Anaenda hadi mwisho wa miamba, anatazama maji, anarudi.

Anauliza: anarudi na nini?

Jamani, niliahidi swali moja. Anauliza: na nani anamlipa? Mzee, hapa ndipo elimu inapohitajika. Yeye ndiye anayelipa. Ananunua baiskeli, analipia jedwali la maji, ananilipa mimi. Acheni kucheka, mama ameunguza chapati. Mnacheka nini? Na wewe kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, ya kuzungusha kwa mikono, uliyepakia mafuta ya kupikia hadi kidevuni na umesimama hapo tangu mwanzo bila kujiandikisha, nawe unacheka? Chombo chako kina keria mbele na nyuma na hakianguki hata kikiwa kimesimama, sawa, lakini ukurasa wako kwenye kitabu changu haupo.

Tufunge kikao. Ada ya cheti inapokelewa kwa shilingi zote mbili. Ya Kenya tutaihesabu, ya Uganda tutaipima kwa unene wa bunda. Mafunzo ya vitendo yatafanyika ziwa litakapopwa. Chai iko tayari, na kwa utaratibu wa kitaaluma wenye vyeti hutangulia. Naona ni mimi peke yangu. Nipisheni.